Somo: Kumwekea kila mtoto lengo lake la kusoma, kuanzia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) mpaka gredi ya 9

Haya wazazi wenzangu, hamjambo. Mimi nafundisha gredi ya 3 huku Kisauni, Mombasa, na nyumbani ninao wangu wawili, na kila muhula naulizwa lile lile, mwalimu, mwanangu asome vitabu vingapi? Jawabu ni kuwa yategemea mtoto yuko wapi saa hii kwenye kusoma kwake, si yuko gredi ya ngapi.

Angalieni chuoni, yaani madrasa. Mwalimu ana watoto thelathini kwenye mkeka, huyu yuko herufi, yule yuko Juzuu Amma, mwengine ashafika mbali, na kila mmoja huja mbele akasomeshwa kuanzia pale alipoishia jana. Hakuna anayeambiwa leo nyote muwe Yasin. Sasa kwa nini kwenye vitabu vya hadithi twawapa wote kipimo kimoja?

Mimi pia nilikosea hapo. Niliwaambia wanangu wote wawili kitabu kimoja kila wiki. Wa gredi ya 5 akawa amaliza Jumanne. Mdogo wake wa gredi ya 2 naye kila Ijumaa aniambia nimemaliza mama, nami namwambia mashallah, mpaka siku moja nakuna nazi nikamwambia njoo unisomee. Akaweka kidole chini ya neno mwanafunzi akasoma "mwana... mwanamke" akaendelea mbele hivyo hivyo, alipofika kwenye "akamnyang'anya" akaliruka kabisa. Kumbe aangalia mwanzo wa neno, mwisho abahatisha, na wiki zote zile alikuwa afungua kurasa tu. Roho iliniuma sana, maana mtoto hakuwa mwongo, mimi ndiye niliyempa mzigo usio wake.

HATUA YA 1: Msikilize kwanza kabla ya kupanga chochote
Chukua kitabu cha Kiswahili asichokijua, weka simu ihesabu dakika moja, mwache asome kwa sauti halafu hesabu maneno aliyoyasoma sawa. Kwenye Tusome, ule mpango wa kusoma wa gredi za chini ulioanza shule zote za serikali 2015, kipimo cha Kiswahili kilikuwa maneno 17 kwa dakika kwa anayeanza kusoma na 45 kwa anayesoma vizuri, Kingereza 30 na 65. Msishtuke Kiswahili kuwa chini, maneno yetu ni marefu, "nitakupikia" ni neno moja kwetu lakini kwa Kingereza ni matano. Usimwambie mtoto namba, hiyo ni yako wewe. Muhimu zaidi, akimaliza muulize imetokea nini kwenye hadithi. Kuna wanaosoma mbio kama gari la moshi na hawajui walichosoma.

Na ukimwona aleta kitabu karibu na pua au afinya macho, lengo lisubiri, mpeleke akapimwe macho kwanza.

HATUA YA 2: Chagua lengo la umri wake
PP1 na PP2 hawa lengo ni lako wewe mzazi. Umsomee hadithi moja usiku, siku tano kwa wiki, yeye afungue kurasa na akuonyeshe picha. Akitaka ile ile ya sungura mara kumi msomee mara kumi.

Gredi ya 1 mpaka 3 hesabu dakika, usihesabu vitabu. Dakika kumi kwa sauti kila siku, na mtu amsikilize. Hapa ndipo pa kazi kubwa, kwa hivyo nawaomba msiharakishe. Mtoto arudie ukurasa mmoja siku tatu mpaka utiririke. Angalia sauti zinazomkwaza, mara nyingi ni ng', ny, mb, nd na yale maneno marefu, halafu lengo la wiki liwe hilo moja tu. Wangu tulianza na ng' peke yake, ng'ombe, ng'oa, ng'ara, tukawa tunayatafuta mpaka kwenye mabango tukiwa kwenye matatu, wiki ya pili alikuwa ayaona kabla yangu.

Gredi ya 4 mpaka 6 sasa hesabu kurasa au vitabu, na uongeze aina, maana wengi hung'ang'ania hadithi za wanyama peke yake. Kitabu kimoja cha hadithi, kimoja cha mambo ya kweli kama bahari au mwili wa binadamu. Gredi ya 6 wana KPSEA, ule mtihani wa kitaifa, lakini tafadhalini msiligeuze kila lengo kuwa la mtihani.

Gredi ya 7 mpaka 9 aseme mwenyewe, wewe uliza tu wataka kujua nini muhula huu.

HATUA YA 3: Kitabu kimfae
Mwambie asome ukurasa mmoja, kila neno gumu akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, hicho ni kigumu, kiweke kando kwanza. Kama hamna vitabu, African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure kwenye intaneti, zimepangwa kwa viwango kuanzia maneno machache, unazishusha kwenye simu mkasoma hata bando likiisha.

HATUA YA 4: Andikeni pamoja, mtizame kila wiki mbili
Karatasi moja ukutani, atie alama mwenyewe. Siku tano zote zina alama na hachoki? Ongeza kidogo. Siku mbili tu? Punguza, wala usimgombeze. Pesa na soda usimpe kwa kusoma, akizoea kulipwa siku usipolipa hasomi. Mpe nafasi ya kuchagua kitabu kinachofuata.

MASWALI

Mama wa Likoni: Mwalimu, mwanangu yuko gredi ya 4 na silabi bado. Nikimpa kitabu cha gredi ya 1 aona haya, wenzake wamcheka.
Jibu: Pole mamangu. Ana mdogo wake? Mpe kazi ya kumsomea mdogo wake kila usiku. Hapo kitabu ni cha mdogo, haya hakuna, na yeye anapata mazoezi.

Baba wa Changamwe: Mie nafanya zamu za usiku bandarini, nikirudi wamelala, nawasaidiaje?
Jibu: Kaka, mwambie akusomee ukurasa kwa sauti kwenye WhatsApp, usikilize ukiwa kwenye mapumziko, umrudishie jibu kwa sauti pia. Muulize kitu kimoja cha ile hadithi ajue umesikiliza.

Dada wa Tudor: Binti yangu gredi ya 8 asoma hadithi za kwenye simu tu.
Jibu: Zihesabu, hizo pia ni kusoma. Halafu ongeza kitu kimoja cha karatasi kwa mwezi, achague yeye.

Mama wa Bamburi: Wakati ni upi jamani? Shule, chuo, homuweki, magharibi hiyo.
Jibu: Kwangu ni baada ya isha kabla ya kulala. Jirani yangu huwasomesha asubuhi chai ikichemka. Chagueni mmoja, msibadilishe badilishe.

Mama wa Likoni tena: Hiyo karatasi mwaandika vipi?
Jibu: Mwache aandike kwa mkono wake hata akikosea. Ya wangu bado iko mlangoni, yasema: "Mimi nitasoma dakika kumi kila siku baada ya isha. Mama atasikiza. Nikikwama kwa ng' sitaruka."