Chenga ya Hakeem Olajuwon: namna ya kuijenga kwenye kiwanja cha saruji

Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos mwaka 1963, akadaka mipira ya soka na kucheza mpira wa mikono kabla hajagusa mpira wa kikapu. Miguu aliyoipata golini ndiyo iliyoipa Houston Rockets, timu ya ligi ya kikapu ya Marekani (NBA), ubingwa wa 1994 na 1995. Kijana wa Mwanza aliyekulia kwenye soka hana sababu ya kuiogopa chenga yake, ile iliyoitwa "Dream Shake". Urefu unasaidia, lakini kazi yenyewe ni ya nyayo.

Kwanza fagia. Mchanga kwenye saruji hufanya mguu wa egemeo, ule unaobaki mahali pake wakati mwingine ukizunguka, uteleze, na refa hupuliza filimbi ya kutembea na mpira. Futa soli kila baada ya zamu.

Simama upande wa kulia wa goli (kikapu) ukilitazama, nje kidogo ya eneo la sekunde tatu, yaani kisanduku kilichochorwa mbele ya goli, kisha uligeuzie mgongo. Mpira ukija, ruka kidogo na utue kwa miguu miwili kwa mpigo mmoja. Hapa wengi ndipo wanapoharibu: wakitangulia kutua na mguu mmoja, huo ndio umeshakuwa egemeo, na nusu ya chenga imekufa. Ukitua sawasawa, una hiari ya mguu wowote.

Kunja magoti, mpira uwe kidevuni, viwiko nje. Ukiushusha kiunoni, walinzi wafupi watauchomoa. Sikiliza kwa mgongo beki amekuegemea wapi.

Sasa tupa bega la kulia kuelekea katikati, macho na mpira viende huko pia. Tulia kidogo. Chenga ya haraka mno haimdanganyi mtu, kwa sababu beki hajapata muda wa kuiamini. Akihama, egemea mguu wa kushoto, zungusha wa kulia kwa mbele mpaka ulitazame goli, na urushe. Zunguka kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Kisigino kikibaki chini, goti ndilo linalosokotwa.

Beki mzuri atakuwahi. Basi inua mpira kama unarusha, yeye aruke, kisha vusha mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, upite chini ya mkono wake. Egemeo linaruhusiwa kunyanyuka, ila mpira uwe umeshatoka mkononi kabla halijagusa tena chini. Na usidunde mpira baada ya kulinyanyua.

Anza bila beki: mara 10 polepole, mara 10 kwa kasi, halafu hamia upande wa kushoto ukibadilisha miguu. Beki aje wiki ya pili, akiruhusiwa kusukuma tu. Jioni upepo wa ziwani unapowasumbua warushaji wa mbali, ndiyo saa nzuri ya zoezi hili, maana mpira hausafiri zaidi ya mita mbili au tatu.

Kobe Bryant na LeBron James, wakiwa tayari mastaa, walimfuata Olajuwon awafundishe hatua hizihizi.