Kupanda kilima Dodoma na mbwa: mwongozo wa asubuhi moja

Kila Jumamosi, isipokuwa mvua inyeshe au kuwe na msiba, mimi na jamaa yangu mmoja tunapanda kilima na mbwa wangu, Popo. Popo ni mbwa wa kienyeji, kilo 22, sikio moja limelala. Kwenda na kurudi ni saa mbili tu. Ila jua mapema: mwendo unapangwa na mbwa. Mimi na wewe tukichoka tunasema. Yeye atakufuata tu mpaka miguu imgomee.

Hatua ya 1: Tafuta njia ya ng'ombe

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya mawe vimetapakaa kila upande. Usichague kile kinachopendeza kwenye picha. Chagua chenye njia ya ng'ombe. Alipopita ng'ombe mbwa hashindwi, lakini njia ya mbuzi inaweza kukupandisha juu ya jiwe ukashindwa kushuka. Vilima vingine vina minara ya simu au ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo muulize kwanza mwenyekiti wa mtaa.

Hatua ya 2: Chanjo

Mbwa ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa abaki nyumbani. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Weka kadi yake mahali unapoiona.

Hatua ya 3: Mzoeshe rafiki yako

Jamaa yangu alikua akiambiwa mbwa ni wa kumtupia jiwe. Mara ya kwanza alitembea hatua ishirini mbele yetu, akigeuka kila dakika. Sikumlazimisha. Wiki ya pili nilimpa kazi ya kubeba maji ya Popo, na mbwa hamsahau mwenye maji. Wiki ya nne alishika kamba mwenyewe. Kama rafiki yako ni Mwislamu na hataki kuguswa na mate ya mbwa, mbwa akae upande wako muda wote, na usimwache akamnuse. Hilo mlizungumze nyumbani, msisubiri mfike mlimani.

Hatua ya 4: Ondokeni kabla jua halijawaka

Hapa ndipo nilipokosea. Oktoba moja tulichelewa, tukaanza kupanda saa tatu asubuhi. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua za Desemba, ndiyo miezi ya joto kali hapa kwetu. Saa nne na nusu Popo alilala chini ya mgunga, ulimi nje, mate mazito yanadondoka, akakataa kuinuka. Nilipoweka kiganja juu ya jiwe nikakitoa mbio: yeye alikuwa anakanyaga pale pale, bila viatu. Tulimlowesha tumbo na nyayo kwa maji yote tuliyokuwa nayo, tukangoja pumzi itulie, kisha tukamlaza kwenye kitenge, kila mmoja akashika ncha mbili, tukashuka naye kama mgonjwa kwenye machela. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi walicheka mpaka wakakaa chini.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi; anajipoza zaidi kwa kuhema. Basi kanuni yangu ni hii: saa kumi na mbili na nusu tuwe chini ya kilima, saa mbili na nusu tuwe tumeshuka. Kila tunapofika kwenye jiwe lililo wazi, naliwekea mgongo wa kiganja na kuhesabu hadi saba. Nikishindwa kuvumilia, tunageuza hata kama kilele kinaonekana.

Hatua ya 5: Mzigo

Lita moja ya maji kwa ajili ya mbwa peke yake, na lita moja na nusu kwa kila mtu. Kopo tupu la siagi la kumnyweshea. Kamba ya mita mbili, si mnyororo, maana mnyororo hunasa kwenye mawe. Kibanio cha nyusi kwa ajili ya miiba. Kitenge, sasa unajua kwa nini.

Zabibu usibebe. Najua zimejaa barabarani na mkono unajisahau kumrushia mbwa moja. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna idadi unayoweza kusema hii ni salama.

Hatua ya 6: Njiani

Ukiona mtu anakuja, mfupishe mbwa kamba, sogea pembeni, msalimie wewe kwanza. "Mbukwenyi" ya Kigogo inalainisha mengi. Sema "nimemshika" kabla hajauliza.

Mbwa wa wachungaji ni jambo lingine. Wako kazini, wanalinda mifugo. Usikimbie na usirushe jiwe. Simama, mweke mbwa wako nyuma yako, mwite mchungaji kwa sauti, kisha zunguka mbali na kundi. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Karibu na kilele kuna pimbi, wanaoota jua juu ya mawe. Popo anapoteza akili kabisa akiwaona. Pale kamba haiachiwi hata sekunde, kwa sababu pimbi huingia kwenye ufa, na mbwa akimfuata anaweza kukwama humo. Mvua zikishaotesha majani, angalia pia unapokanyaga: kifutu hulala njiani na hakimbii akisikia hatua.

Hatua ya 7: Mkishashuka

Kabla ya chai, mkague mbwa. Anza na nyayo, tenganisha vidole kimoja kimoja; mbigili hujificha katikati. Kisha masikio kwa ndani, kwapa na chini ya mkia, maana ndiko kupe wanakopenda. Mshike kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, umtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha. Jamaa yangu ndiye anayeshika kichwa cha Popo siku hizi, ila uso ameugeuzia ukutani.