Kupima mkojo kwa bandeleti: somo kwa wenye tansio na sukari

Figo hazipigi kelele. Mama wa Kadutu, hapa Bukavu, anapanda mlima na kikapu chake kila siku, anakula, analala, huku figo zake zimebakiwa na nusu ya nguvu. Miguu ikianza kuvimba, tumechelewa sana. Kwa hiyo nawasihi wote wenye tansio (shinikizo la damu), sukari, au ndugu mwenye ugonjwa wa figo: pimeni mkojo angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hamuumwi.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri. Acha wa mwanzo uende, kinga wa katikati kwenye kikopo safi na kikavu, uulete labo mapema. Mwenye hedhi asubiri iishe.

Kabla ya kupima, angalia tarehe kwenye kopo la bandeleti, vile vijiti vyembamba vyenye viraka vya dawa vinavyobadilika rangi vikigusa mkojo. Toa moja, funga kopo palepale. Hapa Bukavu mvua ikishika wiki nzima, unyevu unaziharibu. Nilipoanza kazi niliacha kopo wazi tangu asubuhi. Rangi zikawa za ajabu, ikabidi tuwaite watu wote warudi, wengine wamelipa pikipiki kutoka Bagira. Bado inaniuma.

Chovya sekunde moja au mbili, pangusa ukingo, ishike ikiwa imelala ili dawa za viraka zisichanganyike. Halafu angalia saa! Hapa ndipo wengi tunakosea, tunapiga stori na mgonjwa. Kiraka cha protini kwa kawaida husomwa baada ya sekunde 60, cha chembe nyeupe za damu baada ya 120. Fuata maandishi ya kopo lako. Soma penye mwanga wa kutosha. Figo zikiumia, protini huvuja kwenye mkojo. Ikiwepo, njano inageuka kijani, na kadiri inavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea. Alama 1+ ni kama miligramu 30 kwa desilita.

Lakini 1+ moja si hukumu. Homa, kazi nzito au maambukizi ya mkojo huweza kuleta protini ya kupita. Rudia baada ya wiki moja au mbili. Ikidumu miezi 3, huo ni ugonjwa wa figo, na daktari ataomba kipimo cha kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo hutoa. Damu kwenye mkojo nayo itafutiwe chanzo: inaweza kuwa bilhazia, au mawe.

Maswali

*Mkojo wangu una povu. Ni figo?*
Mama, povu linaloisha upesi lisikutishe. Likibaki kila siku, njoo tupime.

*Nikinywa maji mengi kwanza?*
Hapana, kaka. Mkojo ukiwa mwepesi, protini inajificha.

*Nina sukari, bandeleti haikuonyesha kitu. Nimepona wasiwasi?*
Bado, dada. Bandeleti haioni albumini (aina ya protini) ikiwa kidogo, na kwa mwenye sukari huanza na hiyo kidogo. Omba kipimo cha albumini kwa kreatinini. Kuanzia miligramu 30 kwa gramu, daktari anapaswa kukufuatilia.

*Baba amepata 2+ mara mbili. Jirani anatuletea mizizi ya kusafisha figo.*
Mwanangu, mizizi hiyo iache. Mingine inaua figo. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua barabarani aziache pia. Dawa alizoandikiwa asiziache. Mpeleke kwa daktari na karatasi zote mbili za majibu, apimwe tansio. Zipo dawa za tansio zinazopunguza pia protini kwenye mkojo, na akianza mapema zinamsaidia zaidi.