Kabla hujatuma pepa yako kwenye jarida la mtandaoni, pitia haya kwanza

Kama uko masters au PhD na chuo kinataka uonyeshe pepa iliyochapishwa ndo ugradueti, basi wewe ndo mtu anayetafutwa na hawa jamaa wa majarida feki. Inaniuma sana nikiona mtu amekopa mpaka kwenye vikoba alipie ada ya kuchapisha halafu kamati inamwambia hilo jarida hatulitambui.

Tuelewane kwanza, jarida kuwa la wazi si kosa, yaani lile ambalo kila mtu anasoma bure. Mazuri yapo mengi tu na yanatoza ada kihalali. Shida ni wanaochukua hela na kazi ya kuhakiki, yaani kuwapa wataalamu wa fani waikague pepa, hawaifanyi. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, alitunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, wenye makosa ya wazi kabisa, akautuma kwa majarida ya wazi 304, na zaidi ya nusu yakaukubali! Kwa hiyo barua ya kukubaliwa peke yake isikupe raha.

Anza na imeili yenyewe wanayokualika utume pepa. Unaitwa Profesa na hata kudifendi bado, wanasifia mchango wako kwenye fani ambayo si yako, halafu wanaahidi majibu ndani ya siku tatu. Uhakiki wa kweli unakula wiki hadi miezi, maana lazima watafutwe watu wa fani yako, wakubali, wasome, waandike maoni, na wewe urudi kurekebisha. Ukiambiwa imepita bila kuulizwa hata swali moja kuhusu sampuli yako ulivyoipata, ujue hakuna aliyeisoma.

Halafu usiishie ukurasa wa mbele wa saiti, ingia matoleo yaliyopita ufungue pepa tatu nne uzisome kweli. Jarida linajiita la sayansi ya udongo, ndani toleo moja lina mahindi, ukunga, saruji na sheria za ndoa, hapo funga utoke. Kwenye bodi ya wahariri chagua jina moja, mtafute kwenye saiti ya chuo chake umwandikie umuulize, kuna wengine wamewekwa na hawana habari. Na kuna majarida yanapokea yeyote, watafiti wa Poland walimbuni mwanasayansi asiyekuwepo, Anna O. Szust, wakamwombea uhariri kwenye majarida 360 na 48 yakamchukua, hayo yalitoka kwenye Nature 2017.

ISSN ni namba ya utambulisho tu, haisemi chochote kuhusu ubora. Impakti fakta, kile kipimo cha pepa za jarida zinanukuliwa kiasi gani, inayotambulika ni ile inayotolewa na kampuni ya Clarivate, hizo nyingine zenye majina makubwa makubwa achana nazo. Wakisema wako Scopus, ile kanzidata kubwa ya majarida, nenda Scopus ukaangalie mwenyewe, na uangalie pia kama hawajaondolewa. Cheki DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa, na kwa majarida ya Afrika cheki AJOL, saiti inayoyakusanya. Usibofye linki ya kwenye imeili, kuna saiti zinazoiba jina na ISSN ya jarida halali zikajifanya ndo lenyewe.

Ada lazima uione kabla ya kutuma. Serikali ya Marekani iliishtaki OMICS, kampuni ya kuchapisha majarida ya Hyderabad, India, mwaka 2016, na moja ya malalamiko ni kwamba waandishi walikuwa hawaambiwi ada mpaka pepa imeshakubaliwa, na 2019 mahakama ikaamuru walipe zaidi ya dola milioni 50. Na ulizia msamaha mapema, wachapishaji wakubwa wengi wanafuta au kupunguza ada kwenye majarida ya wazi kwa waandishi wa nchi kama Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Congo, ila kwa kawaida unaomba wakati wa kutuma, ukishatumiwa ankara umechelewa.

Na kama umeshatuma ndo unashtuka saa hizi, usilipe na usisaini fomu ya hakimiliki. Waandikie imeili kwamba unaiondoa pepa, tunza nakala, mwambie supavaiza wako siku hiyohiyo. Wengine watakudai hela ya kuiondoa, usiwape. Ila usikimbilie kuituma kwingine kimyakimya, mweleze mhariri wa jarida jipya yaliyotokea na umwonyeshe hizo imeili, maana ikitokea imepandishwa kule bila ruhusa yako, utaonekana wewe ndo umechapisha kazi moja mara mbili.