Kurenda mandhari: namba za kugusa, za kuacha, na postiweki ya baadae

Mtu akirenda, yaani kompyuta ikigeuza mandhari aliyoijenga kuwa picha, akaona milima imetoka mbovu kitu cha kwanza anakimbilia kuongeza namba. Sampuli, yaani miale inayorushwa kwa kila pikseli, zilikuwa 500 anaweka 5000, anaenda kulala, asubuhi anakuta kasoro ileile iko palepale ila sasa imekula masaa tisa. Mi nilienda hivyo muda mrefu sana. Siku hizi kabla sijagusa namba yoyote naikuza picha, naiangalia vizuri, najiuliza hii kasoro inatoka wapi, kwa sababu karibu kila kasoro ina setingi yake na nyingine hazina setingi kabisa, dawa yake iko kwenye postiweki, yaani marekebisho ya picha baada ya kurenda.

Nitaongelea zaidi Blender, programu ya kutengeneza 3D, kwenye Cycles, injini yake ya kurenda, kwa sababu ndo ninayotumia kila siku, ila mawazo yenyewe yanahamia programu yoyote.

Tuanze na chenga, zile punje punje kama TV iliyokosa mawimbi. Zinatokea kwa sababu kila pikseli inarushiwa miale kwa kubahatisha alafu inachukuliwa wastani, miale ikiwa michache wastani unayumba. Sasa hapa kuna hesabu ambayo lazima uishike: ili chenga zipungue kwa nusu inabidi sampuli ziwe mara nne. Yaani kutoka 256 kwenda 1024 umepunguza nusu, kutoka 1024 kwenda 4096 nusu nyingine, na muda nao kila hatua unapanda karibu mara nne. Ndo maana kupanda toka 4000 mpaka 5000 hutaona chochote, umechosha mashine bure.

Cycles ikija kwako imewekwa sampuli 4096 na kizingiti cha chenga 0.01. Watu wanaangalia 4096 wanashtuka, kumbe chenye nguvu pale ni kizingiti, maana pikseli ikishatulia inaachwa na kazi inahamia kwa zile zinazosumbua. Kwenye mandhari hiyo ni neema kubwa, anga tupu linamalizika mapema na nguvu yote inaenda chini ya miti kwenye kivuli ambako ndo kuna shida. Mi kwa picha ya mchana wa jua naanzia kizingiti 0.03 na sampuli 1024, kwa jioni au msitu mzito nashuka mpaka 0.015 hivi, alafu namwachia kifuta chenga amalizie.

Na hapo kwenye kifuta chenga ndo pananiuma kidogo. Blender ina OpenImageDenoise tangu toleo 2.81 la mwaka 2019 na ni zuri kweli, hasa ukiliwashia na pasi (picha za ziada zinazotoka pamoja na renda) za albedo, yaani rangi tupu ya kitu, na nomali, yaani uso wake umeelekea wapi, ili lijue hapa ni ukingo wa jiwe na sio chenga. Lakini kwa mandhari lina tabia ya kula majani. Nyasi za mbali na matawi membamba kwa macho yake vinafanana na chenga, kwa hiyo vinalainishwa mpaka kilima kinaonekana kama kimepakwa nta. Usilikatae, we hifadhi zote mbili, renda yenye chenga na iliyosafishwa, zipange kama leya, tabaka juu ya tabaka, kwenye programu ya kuhariri picha kama GIMP au Krita au Photoshop, safi juu, alafu weka maski (inayoficha sehemu unazozipaka) kwenye leya ya juu na upake kijivu pale penye nyasi ili chenga kidogo zirudi. Anga na maji acha safi kabisa. Nyasi zenye chenga kidogo jicho linaziona ni nyasi, nyasi za nta jicho linagoma.

Kasoro inayofuata ndo ilinisumbua kuliko zote. Nilikuwa na msitu mzito, kila nikirenda katikati ya miti panatokea madoa meusi, nikadhani ni kivuli, nikaongeza mwanga wa anga, nikaongeza sampuli, wapi. Kumbe majani yenyewe ni vipande bapa vyenye picha ya jani na pembeni ni uwazi, na mwale ukipita kwenye uwazi wa vipande vingi mfululizo unahesabiwa. Blender ikija kwako inaruhusu baunsi 8 za uwazi, yaani mwale upite uwazi mara 8, baada ya hapo mwale unakata tamaa na pikseli inakuwa nyeusi. Nikapandisha mpaka 32, msitu ukafunguka palepale! Gharama ipo ila ni ndogo kuliko kurenda usiku kucha kitu ambacho hakiwezi kupona. Baunsi nyingine, za mwanga kudunda kwenye vitu, sizigusi sana, jumla ya 12 inatosha mandhari, na kwa uwanda wa wazi ambao hauna maji wala vioo hata 6 hutaona tofauti.

Vimulimuli, yaani vile vinukta vyeupe vikali vinavyotapakaa karibu na maji, hivyo vinatoka kwenye mwanga unaoakisiwa na kujikusanya sehemu moja. Zima kostiki, yaani huo mwanga unaojikusanya, kama picha haihitaji, na klampu (kikomo cha ukali) ya mwanga wa kuakisiwa ambayo inakuja na 10 ishushe mpaka 4 au 3. Usishuke sana maana mng'ao wa jua juu ya maji nao utafifia. Vikibaki viwili vitatu vifute kwa brashi ya kunakili, dakika mbili umemaliza, hamna haja ya kurenda upya.

Ardhi ikionekana laini kama keki wakati teksicha, ile picha inayovalishwa juu yake, ni nzuri, hapo sio sampuli, ni displesimenti, yaani ule uso kuinuliwa na kushushwa kweli. Ule ugawaji wa ardhi kuwa vipande vidogo unaofuata umbali wa kamera una kipimo chake kwa pikseli, namba ndogo vipande vidogo zaidi, kwenye renda ya mwisho ni 1 na kwenye dirisha la kazi ni 8, kwa hiyo unachokiona ukiwa unafanya kazi sio kitakachotoka. Kama ramu inajaa na programu inaanguka weka 2 badala ya 1, kwa milima ya mbali hakuna atakayejua. Wa Terragen, programu nyingine ya mandhari, nao kipimo cha maikropoligoni (vipande vyake vidogo) 0.5 kinatosha picha nyingi, ukikivuta mpaka 1 muda unaruka juu na faida unaitafuta kwa tochi. Nyasi na matawi yanayochomachoma yapandishie antialiasingi, yaani ulainishaji wa kingo, kwanza. Na mawingu yakiwa na chenga gusa ubora wa mawingu yenyewe.

Kujaribu haya yote usirende picha nzima jamani. Kwenye Blender ukiwa kwenye kamera bonyeza Ctrl na B, chora kaboksi juu ya sehemu mbaya kuliko zote, renda hicho kipande tu kwa setingi za mwisho. Kipande kibaya kikitoka vizuri picha yote itatoka vizuri.

Saizi sasa. Ukizidisha upana na urefu mara mbili pikseli zinakuwa mara nne. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo, A3 ya kuchapa kwa DPI 300, yaani nukta 300 kwa inchi, ni 4961 kwa 3508, zaidi ya milioni 17. Amua mapema picha inaenda wapi, ukutani au kwenye skrini.

Na kabla hujabonyeza renda, washa pasi ya misti, picha ya kijivu inayoonyesha kitu kiko mbali kiasi gani, na uhifadhi kwa faili la EXR. Hili nalisisitiza kuliko yote. JPEG na PNG ya biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ukianza kuvuta anga la machweo linakatika mistari mistari kama ngazi za nyumba. EXR inabeba mwanga wenyewe, hata jua lililopita kiasi bado unaweza kulishusha na rangi zikarudi. Kuhusu namna ya kugeuza mwanga huo uwe picha, AgX iliyokuja na Blender 4.0 mwaka 2023 inatunza machweo vizuri, machungwa makali hayageuki kuwa njano ya ajabu, ila inatoka imepauka kidogo na hiyo ni kawaida, kontrasti utairudisha mwenyewe.

Postiweki mi naanza na umbali, sio rangi. Leonardo da Vinci alishaandika zaidi ya miaka 500 iliyopita kwamba milima ya mbali inaingia ubluu kwa sababu ya hewa iliyo katikati, na picha nyingi za kompyuta zinakufa hapohapo, mlima wa kilomita ishirini uko mweusi na mkali sawa na jiwe la mbele. Chukua pasi ya misti, ifanye maski ya leya yenye rangi uliyoitoa kwenye anga karibu na upeo, shusha nguvu mpaka uione kwa shida. Tumia misti na sio ile pasi ya kina maana ya kina kingo zake hazijalainishwa, itakuachia mstari mchafu kuzunguka kila mti. Ukungu wa aina hii umekuja bure, ungeurenda kama moshi halisi ungelipa masaa. Ila miale ya jua inayopenya kwenye matawi hiyo renda kweli, ya kuchora kwa brashi inajulikana.

Baada ya hapo ndo mwanga. Leya ya kijivu cha kati kwenye modi ya ovalei (nyeupe inang'arisha picha ya chini, nyeusi inaitia giza), brashi laini nguvu asilimia 5 hivi, ng'arisha njia unayotaka jicho lipite na tia giza kwenye pembe. Pole pole. Kevu, ile mistari ya kurekebisha mwanga na rangi, nazigusa kidogo tu, vivuli navisukuma kuelekea bluu, penye jua kuelekea joto, na saturesheni, yaani ukolevu wa rangi, naishusha kwenye kijani karibu kila mara kwa sababu kijani cha kompyuta kina ukali ambao msitu hauna. Ndege, mawingu ya ziada, mwanga wa lensi, hivyo navikwepa, vinavuta jicho kutoka kwenye kitu ulichohangaika kukijenga.

Mwishoni kabisa punguza saizi kama ni ya skrini, ndo uongeze ukali, kidogo, na anga ulifunike kwa maski lisiguswe. Alafu tia punje laini sana picha nzima, asilimia moja au mbili, zinavunja ile mistari ya anga na zinaunganisha ulichopaka kwa mkono na kilichorendwa. Igeuze kushoto kulia uone kama inaelemea upande, iache usiku mmoja, asubuhi ifungue, ukiona bado sawa hifadhi nakala yenye leya zote, na ya kutuma toa kwa sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida.