Masta ya baiolojia ya bahari: anza na swali, fomu zitafuata

Wadogo zangu wa Malindi, Watamu, Lamu mpaka kule Kiunga, kila skolashipu zikifunguliwa naulizwa yale yale, chuo gani kizuri, fomu inajazwaje, na mimi huwauliza kwanza, wewe wataka kujua nini kuhusu bahari? Wengi hapo hunyamaza. Basi tuanzie hapo, maanake hapo ndipo ombi linapopita au linapokwama.

Hatua ya 1: pata swali lako

"Napenda bahari" haitoshi, hata mtalii anaipenda. "Nataka kusoma samaki" bado pana mno. Chukua dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, kila mtu huku analijua, ukilitega linanasa tafi na changu wakubwa pamoja na wadogo ambao hawajazaa hata mara moja. Pwani yetu washajaribu madema yenye upenyo wa kuwatoa samaki wadogo. Sasa wewe uliza hivi: mvuvi wa Malindi akitumia dema la upenyo, tafi anaowapata wana urefu gani wakilinganishwa na wa dema la kawaida, na kwa siku anapoteza kilo ngapi? Hilo linapimika, unahitaji rula, mizani, daftari na wavuvi walio tayari. Hapo ushapata mada.

Ukiwa Lamu una mikoko, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko kwenu, na una nyasi za bahari wanazokula kasa na nguva. Malindi una mto Sabaki unaomwaga matope jirani na matumbawe ya hifadhi iliyotangazwa tangu 1968. Nenda ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ukae na wazee wa bandarini, uliza samaki gani kapungua na tangu lini, halafu nyamaza usikilize. Wana elimu kubwa ambayo haijaandikwa popote.

Jambo moja watu wanalisahau: misimu. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, bahari inachafuka, kuzamia shida, kaskazi, upepo wa mwisho na mwanzo wa mwaka, inatulia na maji yanang'aa. Propozo inayosema data yote itakusanywa Juni na Julai, msomaji anayeijua pwani hii ataiweka chini.

Hatua ya 2: tafuta supavaiza

Hii ndiyo hatua ninayoipigia kelele zaidi. Usingoje chuo kikupangie mtu. Chuo cha Pwani kiko hapo Kilifi, Mombasa kuna chuo cha ufundi cha TUM na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Zanzibar kuna taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ubelgiji kuna masta ya bahari na maziwa inayofundishwa na vyuo vitatu kwa pamoja, Brussels, Ghent na Antwerp, na watafiti wa Brussels wameshafanya kazi nyingi ya mikoko ya Kenya. Soma makala mbili tatu za yule mtu, zisome kweli, ndio umwandikie imeili fupi. Utaiandika Kiingereza, lakini maana yake iwe hivi:

"Profesa, nimesoma makala yako kuhusu samaki wa madema. Mimi ni mwenyeji wa Malindi, nina digrii ya sayansi ya uvuvi. Ningependa kujua kama dema lenye upenyo linabadilisha ukubwa wa tafi wanaovuliwa hapa, kusi na kaskazi. Wavuvi wa BMU yetu wamekubali kunipa nafasi ya kupima. Je, unachukua wanafunzi mwakani? Nimeambatanisha ukurasa mmoja wa wazo langu na sivii."

Basi, usiongeze hadithi ya maisha. Wiki mbili tatu zikipita kimya, mkumbushe mara moja kwa heshima, asipojibu tena nenda kwa mwingine.

Hatua ya 3: pesa

Ubelgiji angalia skolashipu za VLIR-UOS, shirika la vyuo vya huko, ukisoma humu Afrika angalia DAAD, shirika la Ujerumani, Uingereza kuna skolashipu za Commonwealth na Chevening. Chevening inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka miwili, kwa hiyo kama umemaliza digrii juzi na hujafanya kazi anza na hizo nyingine. Dedlaini hubadilika kila mwaka, soma tovuti yao wenyewe, usitegemee meseji za kufowadiwa WhatsApp.

Hatua ya 4: karatasi

Transkripti, cheti, pasipoti, skani vizuri. Vyuo vingine hukubali barua ya chuo chako kuwa ulisoma kwa Kiingereza, uliza kabla hujalipa mtihani. Barua za rekomendesheni omba mapema, na mwalimu mpe ukurasa wenye mradi ulioufanya kwake, alama zako na dedlaini, akiachwa aandike kwa kumbukumbu tu atakuandikia "ni mwanafunzi mwenye bidii" na hiyo haimsaidii mtu yeyote.

Hatua ya 5: intavyu na vibali

Watakutaka ueleze utafiti wako kwa dakika chache. Jizoeze kwa kumweleza mvuvi kwa Kiswahili mpaka akuulize maswali ya maana, ukifika hapo Kiingereza chake kitakuja chenyewe. Na ukishakubaliwa, kama data utaikusanya Kenya, anza mapema kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukiingia ndani ya hifadhi ya bahari KWS, shirika la wanyamapori, nao wanataka ruhusa yao, tena kabla hujakodi mashua.