Kushusha CTD na kugawana maji yake bila kuharibiana kazi

Katika meli ya utafiti, hakuna kazi inayokutanisha watu wengi kwa wakati mmoja kama kushusha CTD, chombo cha kupimia maji ya bahari kwa kina: ofisa wa zamu usukanini, mwendesha winchi (mashine ya kushusha na kuvuta waya), serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, na watu wake sitahani, mwanasayansi kwenye kompyuta, kisha foleni ya wanaosubiri maji. Chombo chenyewe ni fremu yenye vipimo vya chumvi, joto na kina, iliyozungukwa na chupa za Niskin za kuchotea maji, aghalabu 12 au 24. Kazi ya kituo, yaani mahali meli inaposimama kupima, ikiharibika, chunguza kwanza nani alidhani mwenzake ameshafanya.

Anayetega chupa, yaani kuziacha wazi tayari kufyatuliwa, asijikague mwenyewe. Akimaliza, mtu wa pili azunguke fremu akigusa kila chupa kwa mkono: vifuniko vya juu na chini viko wazi, vali ya hewa imefungwa, bomba la kuchotea limefungwa, kamba ya kufyatulia haijanasa popote. Aondoe pia mipira ya kuzibia vipimo. Ikisahaulika, maji hayapiti kwenye kipimo cha chumvi na safari nzima ya chini inarudiwa.

Winchi ipokee amri kwa mtu mmoja tu, na kila amri irudiwe kwa redio. “Winchi, simama mita 500.” “Nasimama mita 500.” Jibu la “sawa” halitoshi, kwa kuwa halionyeshi kama namba imesikika. Neno “simama!” peke yake ndilo linaloweza kutamkwa na yeyote, hata mwanafunzi aliyepanda jana. Sitahani mwenye kauli ni serahangi, na mkuu wa wanasayansi naye anamtii: kofia ngumu, jaketi okozi, na hakuna kusimama chini ya mzigo.

Chombo kikae mita 10 kwa dakika 2 au 3 hadi pampu inayopitisha maji kwenye vipimo ianze, kirudishwe karibu na uso wa maji, kisha kishuke kwa mita 30 kwa dakika katika mita 100 za kwanza, halafu mita 60. Bahari ikichafuka, punguza mwendo. Waya ukitoka haraka kuliko chombo kinavyozama, unalegea na kujikunja, na waya uliojikunja hauaminiki tena. Usukanini wajulishwe chombo kinapokaribia sakafu ya bahari; kisimame kama mita 10 juu yake. Wakati wa kupanda, subiri sekunde 30 kila kina kabla ya kufyatua chupa ijifunge.

Ugomvi mkubwa huja kwenye maji. Teueni msimamizi mmoja mwenye orodha, asimame penye chupa asiondoke. Ajaribu kwanza bomba vali ya hewa ikiwa bado imefungwa: maji yakitiririka, chupa inavuja, na hilo liandikwe. Anayechukua oksijeni hutangulia, akifuatiwa na wa kaboni, kisha virutubisho na klorofili, chumvi mwishoni. Chupa ikifunguliwa hewa huingia na gesi hubadilika, lakini chumvi huvumilia. Kwa hiyo asifungue mtu vali kabla wa oksijeni hajawa tayari. Yeye huingiza mpira hadi chini ya kichupa, haruhusu povu, huacha maji yafurike angalau mara 3 ya ujazo, na kutia kemikali papo hapo.

Saa ni UTC, yaani saa ya kimataifa, basi. Kwenye meli kama Mtafiti ya KMFRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi), Mombasa, au Dr. Fridtjof Nansen yenye wanasayansi wa nchi nyingi, “tukutane saa nne” ni hatari: kwetu ni 10:00, kwa mgeni ni 4:00, na kwenye daftari ni 07:00. Taja tarakimu za UTC kila mara.

Anayepokea zamu afike dakika 15 mapema. Anayetoka amwachie kwa maandishi kituo kilichofikiwa, chupa zinazovuja, sampuli zilizo kwenye friji na saa ya kituo kijacho, kisha wazunguke pamoja maabara yote kabla hajakwenda kulala.